Debe Lililojaa: Insha Kuhusu Gitaa Zito na Sauti Yake

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mtu mwenye maneno mengi na maarifa haba. Hata hivyo, msomaji akiyachukua maneno yenyewe kama yalivyo, atagundua kwamba mna ndani yake ukweli unaojulikana na kila fundi wa ala za muziki: kilicho wazi ndani ndicho kitoacho sauti. Ngoma ni mzinga uliochimbwa. Udi wa taarabu una tumbo kubwa la mbao nyembamba. Nyatiti ya Waluo na litungu la Wabukusu ni vyombo vya mti vilivyokombwa na kuwambwa ngozi. Katika ala hizi zote uzi au ngozi hutetemeka, tumbo likaupokea mtetemo huo na kuutupa hewani. Basi mtu aliyelelewa na ala kama hizi akikabidhiwa gitaa la umeme lililojaa mbao kutoka mgongoni hadi kifuani, lisilo na tundu wala tumbo, ana haki ya kuuliza: sauti itatoka wapi?

Swali hilo lilimkabili mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Kisumu mnamo mwaka 2018. Siku za juma mwalimu huyu hufundisha Kiswahili na Hisabati. Mwisho wa juma hupiga gitaa la solo katika bendi ya zilizopendwa. Kwa miaka tisa alikuwa akitumia gitaa jepesi la bei nafuu, ambalo kila uzi wake ulipopigwa ulilia kidogo kisha ukakata kama taa iliyoishiwa mafuta. Mgeni mmoja aliyekuwa akimaliza mkataba wake wa kazi alitaka kuuza gitaa lake kabla ya kurejea kwao. Lilikuwa Les Paul la kampuni ya Gibson, lililoundwa Marekani katika miaka ya 1970. Kichwa chake kiliwahi kuvunjika kikagundishwa, jambo linalowapata wengi wa ndugu zake kwa kuwa mbao huwa nyembamba pale shingo inapokutana na kichwa. Kwa sababu ya kovu hilo, bei ilishuka hadi shilingi 140,000.

Mwalimu alilibeba hadi duka la nafaka, akaliweka juu ya mizani ya kupimia mahindi. Mshale ulipita kilo 5. Gitaa lake la zamani halikufika 3. Wenzake wa bendi walicheka, wakasema kuwa mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Mkewe hakucheka, kwani fedha zilizokuwa zikizungumziwa ni mkopo wa chama cha akiba ambao wawili hao walikuwa wameupangia kununua mabati ya nyumba.

"Baba watoto," alimwuliza, "mvua ikinyesha tutajifunika gitaa?"

Mwalimu hakuwa na jibu la haraka, wala hakujaribu kulitunga. Walizungumza siku tatu. Mwishowe mama alikubali kwa sharti moja: kila shilingi itakayoletwa na gitaa hilo iingie kwenye mabati kabla ya kuingia kinywani mwa mtu yeyote. Ndivyo lilivyonunuliwa.

Ili kufahamu ni kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kufanya biashara kama hii, ni muhimu kurejelea chanzo cha ala yenyewe. Katika miaka ya 1930, wapiga gitaa wa bendi za jazi nchini Marekani walikuwa wakimezwa na tarumbeta na ngoma. Walianza kufunga vinasa vya sumaku kwenye magitaa yao yenye matumbo, sauti ikaongezwa kwa amplifaya. Dawa hiyo ilileta ugonjwa mwingine. Sauti kubwa ya spika ilirudi na kulitikisa tumbo la gitaa, tumbo likautikisa uzi, uzi ukarudisha sauti kwenye spika, na mzunguko huo ukazaa ukelele usiokoma. Tumbo lililokuwa neema katika ukumbi wenye utulivu likawa balaa mbele ya amplifaya.

Miongoni mwa waliotafuta suluhisho ni Les Paul, mpiga gitaa aliyezaliwa mwaka 1915 huko Waukesha, katika jimbo la Wisconsin. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, akitumia karakana ya kampuni ya Epiphone mjini New York, alichukua gogo la msonobari lenye upana na unene wa inchi 4, akalitia shingo, nyuzi na vinasa. Kwa maelezo yake mwenyewe, watu hawakulijali hadi alipolibandikia ubavuni nusu mbili za gitaa la kawaida ili lifanane na walichokizoea. Kampuni ya Gibson haikulipokea wazo hilo wakati ule. Leo Fender wa California ndiye aliyetangulia kuuza kwa wingi gitaa la mwili uliojaa mnamo mwaka 1950. Gibson nao, chini ya uongozi wa Ted McCarty, wakatoa lao mwaka 1952 na kulipa jina la Les Paul. Mwili wake ulikuwa wa mahogani, mti wa ukoo mmoja na mkangazi wetu, na juu yake pakawekwa kifuniko cha mepo, mti mgumu wa nchi za baridi. Shingoni pakalazwa ubao wa mti ulio katika jamii moja na mpingo. Muundo huo ulisimamishwa mwaka 1960 kwa kuwa haukuuzika vyema, ukarejeshwa mwaka 1968 baada ya vijana wa Uingereza, akiwemo Eric Clapton katika santuri aliyorekodi na John Mayall mwaka 1966, kuonyesha kile ambacho gitaa hilo lingeweza kusema.

Mwalimu alilipeleka gitaa kwa fundi wa redio katika soko la Kibuye, mzee ambaye amezeeka miongoni mwa spika na waya. Mzee aliligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hili halina tumbo. Linalia kwa nini?"

"Linalia kwa sumaku, mzee wangu."

Fundi alikifungua kinasa kimoja, akaona sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, akatabasamu. "Basi hii ni spika iliyogeuzwa," alisema.

Ufafanuzi huo ni sahihi kuliko wa vitabu vingi. Katika spika, umeme hupita kwenye waya uliozungushwa karibu na sumaku, nao hutikisa karatasi ikatoa sauti. Katika gitaa la umeme mambo huenda kinyume. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, huuvuruga ugasumaku uliopo, na mvurugo huo huzalisha umeme kidogo katika waya wa shaba. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Hivyo mwili wa gitaa hautakiwi kulia. Unatakiwa kukaa imara ili uzi ulie, kwani kila nguvu ambayo mbao zinaichukua kutoka kwa uzi ni nguvu ambayo uzi umeipoteza.

Gitaa hilo lilikuwa pia na jambo jingine la kustaajabisha. Kinasa chenye waya mmoja hunasa hata mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao nchini Kenya hupishana mara 50 kwa sekunde. Ndiyo maana magitaa mengi huguna hata yasipopigwa. Mnamo mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya kinasa chenye mizingo miwili ya waya iliyopangwa kwa namna ambayo mvumo unaoingia katika mzingo mmoja hufutwa na ule unaoingia katika wa pili, ilhali sauti ya uzi hujumlishwa. Tangu mwaka 1957 vinasa hivyo vilifungwa kwenye Les Paul. Mizingo hiyo miwili hupunguza pia sehemu ya ukali wa sauti za juu, na kinachobaki ni sauti nene, yenye kifua.

Jioni hiyo gitaa liliunganishwa na amplifaya kuukuu ya fundi. Mwalimu alibonyeza uzi wa tatu, akaupiga mara moja, akatulia. Sauti ilitoka pana, bila kutoboa sikio, ikakaa. Fundi alitazama saa yake akihesabu kwa sauti ya chini hadi 18 kabla ya mlio kuzama. Haikuwa sauti kubwa. Amplifaya ilikuwa imefunguliwa robo tu. Kilichowagusa wazee na vijana waliosimama mlangoni ni kwamba sauti hiyo haikuwa na haraka ya kuondoka. Katika nyuzi nene za juu ilinguruma kama mtu mzima anayezungumza akiwa ameketi. Katika nyuzi nyembamba ilikuwa na utamu uliozungukwa na joto, mithili ya sauti ya mwimbaji anayeimba huku amefumba macho.

Je, ni uzito uliozaa sauti hiyo? Wapo wanaoshikilia kwamba gitaa likiwa zito zaidi huwa bora zaidi. Ushahidi wa magitaa yenyewe unawapinga. Yale ya kati ya mwaka 1958 na 1960, ambayo leo yanatafutwa kuliko yote, mengi yana takribani kilo 4, ilhali ya miaka ya 1970 mara kwa mara hukaribia au kupita 5. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wamekuwa wakitoboa mashimo ndani ya mbao ili kupunguza mzigo, na wapigaji hodari hawajaacha kuyapenda. Vinasa, nyuzi, amplifaya na vidole vina usemi mkubwa katika jambo hili. Uzito ni gharama inayoandamana na mwili uliojaa, si cheo.

Gharama hiyo mwalimu aliilipa kwa bega lake. Baada ya kupiga kwa saa nne usiku, mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi na mgongo ukamwuma hadi Jumatatu darasani. Fundi viatu alimshonea mkanda wa ngozi wenye upana wa kiganja ili mzigo usambae. Wakati wa mazoezi alianza kupiga akiwa ameketi juu ya kigoda, na babu mmoja aliyemwona alimkumbusha kwamba hata mpiga nyatiti huketi, pete ya chuma ikiwa kwenye kidole chake cha mguu, njuga mguuni.

Tatizo kubwa zaidi halikuwa la bega. Benga ni mtoto wa nyatiti, na uzi wa nyatiti hulia kwa muda mfupi. Ndiyo sababu vidole vya mpigaji hukimbia, kila mlio ukimpisha mwenzake. Wapigaji wa kizazi cha Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz aliyefariki mwaka 2006, walihamishia mbio hizo kwenye gitaa la umeme. Gitaa jipya la mwalimu halikujua kupisha. Mlio wa kwanza ulikuwa bado unanguruma wa tatu ulipoingia, na wimbo ukawa kama darasa ambalo wanafunzi wote wanajibu kwa pamoja. Kiongozi wa bendi alimwambia waziwazi, "Mwalimu, tunakuheshimu, lakini gitaa lako linatufunika."

Ilimchukua miezi mitano kujifunza kulinyamazisha. Alijifunza kulaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja, ili mlio ukatwe pale benga inapodai. Kisha, katika nyimbo za mwendo wa pole, aliinua kiganja na kuuacha mlio mmoja utembee hadi mwisho wa ubeti. Wasikilizaji ambao hapo awali walilisikia gitaa lisilonyamaza walianza kusubiri mahali ambapo lingeachiliwa.

Mwezi Machi mwaka 2020, janga la Korona lilifunga kumbi, na bendi ikakosa kazi. Mabati yaliyokwisha kununuliwa yalikuwa nusu ya yaliyohitajika. Mnunuzi alijitokeza, na bei yake haikuwa mbaya. Mwalimu alimwachia mkewe uamuzi. Mama alipiga hesabu upande wa nyuma wa daftari la mwanafunzi, akasema: "Ukiliuza leo, mabati yatakamilika na wewe utarudia lile la zamani. Nimelisikia lile kwa miaka tisa. Tungoje." Walingoja. Kafyu ya usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, kazi zikarudi polepole, na nyumba ikaezekwa mwaka uliofuata.

Kwa wasomi wa Kiswahili, kisa cha gitaa hili kina funzo linalowahusu moja kwa moja. Si nadra kusikia insha au shairi likisifiwa kwamba lina lugha nzito, na si nadra mwandishi chipukizi kukusanya misamiati adimu akidhani kwamba uzito wenyewe ndio utakaolia. Mbao za gitaa hazilii. Kazi yake ni kuushikilia uzi pasipo kumnyang'anya nguvu, ili neno moja lililopigwa mahali pake lidumu masikioni mwa msikilizaji. Maarifa mengi ya mwandishi yanafaa kuwa hivyo: yawepo, yaonekane kidogo, yabebwe na bega la mwandishi wala si la msomaji. Na mwenye sauti inayodumu ana wajibu wa ziada wa kujua ni wakati gani aiwekee kiganja, maadamu bendi haina mpigaji mmoja.