Kifaa cha shambani kinazima kikitaka kutuma meseji? Kagua waya kwanza

Ndugu mkulima, kama una kile kifaa cha kupima unyevu wa udongo kinachokutumia meseji, huenda umeshakutana na hili: kinawaka vizuri, lakini kikitaka kutuma tu, kinazima. Fundi anapima betri, anakuta volti 4, anasema betri ni nzima, ubao ndio mbovu, nunua mwingine. Mama mmoja mwenye shamba la zabibu huku kwetu Dodoma alikuwa tayari anatafuta mnunuzi wa mbuzi wake wawili alipie ubao mpya. Nikamwomba asubiri tukague waya.

Kifaa kikiwa kimepumzika kinakula umeme kidogo sana. Kikiita mnara, moduli ya laini ya 2G kama SIM800L huvuta ghafla hadi ampea 2, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, inaachia, inavuta tena. Ubao wa Wi-Fi kama ESP32 nao hushtuka hivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Mita ya kawaida haiwezi kuuona mshtuko wa haraka namna hiyo. Fundi hakukudanganya, alipima kifaa kikiwa kimelala.

Sasa piga hesabu. Waya mwembamba, mrefu, wenye viungo vya kusokota kwa mkono, ukiwa na ukinzani wa nusu omu, ampea 2 zikipita unapoteza volti 1. Betrini zipo 4, kwenye moduli zinafika 3. SIM800L haitaki chini ya 3.4, kwa hiyo inazima. Tena mnara ukiwa mbali, kifaa hutuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana kilichofanya kazi dukani mjini kinakufa kijijini.

Kwa yule mama tulisogeza betri ndani ya boksi lenyewe, tukaweka waya mnene usiozidi kiganja, viungo vyote tukalehemu. Kisha kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 10, kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na moduli. Kazi yake ni kama dumu la maji unaloweka jikoni: bomba likitoa kidogo kidogo, ukihitaji maji mengi kwa mara moja unachota humo. Lakini dumu haliponyi bomba lililoziba, kwa hiyo usiruke waya ukakimbilia kapasita. Upande wenye mstari ni hasi. Ukiugeuza, inaweza kupasuka. Mbuzi hawakuuzwa.

Betri za tochi usijaribu, hazimudu mvuto huo. Pawabenki nayo mimi siipendi kwa kazi hii: nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa hakivuti kitu, na chako kinalala karibu siku nzima.

Ukija ofisini siku ya mnada, usilete ubao peke yake. Njoo na betri yake na waya zake zote kama zilivyo, bila kuzifungua.