Ndiyo, Ba'mdogo, Nasoma Chuo cha Jamii

Wiki iliyopita ba'mdogo alinipigia kutoka Morogoro. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akauliza niko chuo kikuu gani huku Minnesota. Nikamweleza kwamba nasoma kemia kwenye chuo cha jamii, miaka miwili, kisha ndipo nihamie chuo kikuu nikamalizie shahada. Akanyamaza kidogo. "Aa, kwa hiyo ni chuo cha kata." Akahamia habari za shamba.

Yameniuma. Nimesoma shule ya kata, najua sauti hiyo inatumika kwa akina nani. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba ba'mdogo hajui anachokidharau, na wapo wengi kama yeye, hata hapa ughaibuni, wanaowaficha watoto wao walio kwenye vyuo hivi kana kwamba wamefungwa jela.

Kipindi chetu cha maabara kinaanza saa kumi na mbili jioni, maana karibu kila mtu anatoka kazini. Anayesimama kando yangu ni mama wa Kisomali. Mchana anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na anataka kuwa mfamasia. Meza ya mbele yupo mzee aliyestaafu jeshi. Karibu na dirisha yupo kijana wa miaka kumi na sita ambaye bado yuko sekondari: tangu mwaka 1985 Minnesota ina sheria inayowaruhusu wanafunzi wa sekondari kuchukua masomo ya chuo bila kulipa ada. Sote tumevaa miwani ya kukinga macho, suruali ndefu na viatu vya kufunika miguu. Ukija na kandambili unarudishwa nyumbani. Na kila mtu ana bureti yake. Narudia kwa ajili ya waliosoma nilikosoma mimi: kila mtu ana bureti yake.

Muhula huu tulifanya jaribio la shaba, na bado halijanitoka kichwani. Unapewa kipande cha waya wa shaba, unakipima kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu, unakitia kwenye asidi ya naitriki ndani ya kabati la kufyonza hewa. Moshi wa kahawia unapanda, waya unatoweka, unabaki na maji ya bluu. Unaongeza sodiamu haidroksaidi, linatokea tope la bluu. Unapasha moto, tope linageuka jeusi tititi. Unatia asidi ya salfuriki, weusi wote unayeyuka na bluu inarudi. Mwisho unatia zinki, na shaba ileile, nyekundu, inaanza kujikusanya chini ya bika. Unaiosha, unaikausha, unaipima tena uone umepoteza kiasi gani njiani. Mama wa Kisomali alipoona wekundu umerudi alisema "Subhanallah" kwa sauti, darasa zima likageuka. Mwalimu wetu, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, akaja kusimama naye na kumuuliza, hatua kwa hatua, elektroni zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Hakumkimbiza.

Sisi rangi hizo tulizikariri. Kopa, bluu. Chuma, kijani au kahawia. Zinki, nyeupe, inayeyuka ukizidisha. Bureti ilikuwa mchoro wa chaki ubaoni, na kemikali zenyewe tulizinusa wiki ya mtihani wa vitendo. Enzi za Kikwete lilipotoka agizo kila shule ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, wazazi wetu walichangishwa, kuku wakauzwa, kuta zikapanda. Kwetu chumba cha kemia kiligeuka stoo ya madawati mabovu. Sitaki hata kuendelea na hilo.

Nataka kumzungumzia binamu yangu, mtoto wa shangazi. Yeye ndiye aliyenifundisha kusawazisha milinganyo ya kemia, jioni, kwa taa ya chemli, kabla sijaingia kidato cha tatu. Kwenye mtihani wa kidato cha nne akapata F ya kemia na Divisheni Foo. Alitaka kuwa tabibu, na vyuo vya afya vinataka ufaulu wa kemia. Alijaribu kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini nani angempa maabara ya kufanyia mazoezi? Twisheni ya mtaani ina ubao na mwalimu, haina asidi. Sasa anauza chaja na kava za simu Msamvu, Morogoro. Mtihani mmoja, akiwa na miaka kumi na minane, na mlango umefungwa mpaka leo.

Huku Minnesota angejiandikisha tu. Wasingemuuliza divisheni, wangepima hesabu zake waone aanzie wapi, na kama hesabu hazitoshi angeanza na za chini akapanda. Akianguka kemia angeirudia muhula unaofuata. Craig Venter, aliyeongoza moja ya timu mbili zilizosoma jenomu ya binadamu, alikuwa na alama mbovu shuleni. Aliporudi kutoka vita vya Vietnam alianzia College of San Mateo, chuo cha jamii cha California, ndipo akaenda chuo kikuu kusoma baiokemia. Ningependa ba'mdogo amfikirie huyo kabla ya kunionea huruma.

Najua mtaniambia Marekani ina hela. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba wengi wanaoanza vyuo hivi hawamalizi: kazi, watoto, kodi ya nyumba. Ada nayo inauma. Lakini chuo cha jamii cha umma kilicho kikongwe kuliko vyote nchini humu, Joliet cha Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi sita, ndani ya shule ya sekondari iliyokuwepo tayari. Hawakungoja jengo jipya.

Kitabu tunachosomea kimetolewa na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, na kinapakuliwa bure popote penye intaneti. Nimemtumia binamu kwa WhatsApp. Amefika sura ya moli na ananiuliza maswali yanayonilazimu nirudi kwenye daftari langu. Kilichobaki ni bureti, na bureti haitumwi kwa simu.

Kwa hiyo naomba, kwenu wakuu wa shule na maafisa elimu wa kata mnaosoma hapa. Maabara zenu zikishafungwa baada ya vipindi, hazifanyi kazi mpaka asubuhi. Zifungueni jioni mbili kwa wiki kwa wanaotaka kurisiti kemia, wachangie gharama za kemikali, na mwalimu alipwe muda wake. Walioko Msamvu watakuja. Mmoja namfahamu, na namba yake nitawapa.