Wiki 3 zilizogeuka 11

Samahani wasomaji kwa kupotea. Nilikuwa Gesima nikimaliza kazi niliyosema ingechukua wiki 3. Imechukua 11.

Chama cha wafugaji kilitaka programu ya kuhesabu maziwa ya kila mwanachama. Nikaandika kwenye mkataba: wiki 3, shilingi 60,000. Programu yenyewe ilikuwa tayari wiki ya pili (hapo najisifu kidogo). Kilichonitoa jasho ni madaftari. Kwetu Gusii kina Nyaboke, Moraa na Kemunto ni wengi, na karani alikuwa akiandika jina moja tu, bila namba ya kitambulisho. Ilibidi nikae kwenye kituo cha maziwa tangu alfajiri, nikiuliza mmoja mmoja.

Mwenyekiti aliniuliza, "Kijana wangu, ulipotuandikia wiki 3, uliamini?"

Niliamini, mzee. Lakini sikuwa nimefungua daftari hata moja. Nia ilikuwa safi, kadirio lilikuwa la kubahatisha, na yeye alishawaahidi wanachama malipo kwa hesabu mpya.

Sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya 2015 hairuhusu mabadiliko yapandishe bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Chama chetu hakibanwi nayo, ila nimeiazima. Mkataba wa awamu ya pili, ya kutuma meseji za malipo, unasema: siku 3 za kwanza nakagua madaftari, kwa malipo, ndipo nitaje bei na muda. Nikiona tunaelekea kupita asilimia 25, nasimama tuzungumze.

Mwenyekiti ameusoma. Hizo siku 3 amekataa kuzilipia. Tunakutana tena Jumanne.