Siku Mbili za Kukaa Wawili



Sisi wa Dar es Salaam tunajua mambo yanavyokuwa ndoa inapotimiza miaka 25. Kamati huundwa, kadi za mchango husambazwa kutoka Temeke hadi Kinondoni, ukumbi hukodiwa, sare hushonwa, na mama mwenye jubilei hukesha akihesabu sahani. Kesho yake ukumbi umefagiliwa, deni la mpishi limebaki, na wenye ndoa hawajapata hata nusu saa ya kuzungumza. Sisemi kwamba sherehe ni mbaya. Nimechangia nyingi na nitazidi kuchangia. Lakini mwezi Mei, sisi tulipotimiza miaka hiyo, watoto wetu walileta wazo lingine. Fedha ambazo wangelipia ukumbi, watulipie siku mbili katika hoteli ndogo ya kifahari, Mji Mkongwe wa Unguja.

Maneno hayakukosekana. Mama mmoja katika umoja wetu wa kanisani aliniuliza waziwazi, "Yaani mnakwenda kula jubilei peke yenu?" Mume wangu naye aliguna, akataka kujua hoteli hiyo ina nini ambacho nyumba yetu ya Mbagala haina. Jibu nililipata baadaye. Nyumbani tunaishi watu 9 katika vyumba 4, pamoja na wadogo zake na mjukuu mmoja. Mlango wetu hugongwa tangu alfajiri: huyu anataka nauli, yule anauliza sukari iko wapi. Kule hoteli kulikuwa na mlango usiogongwa.

Hoteli za namna hii ni tofauti na yale majengo makubwa ya ufukweni. Huwa na vyumba vichache, na mara nyingi ni nyumba za kale zilizokarabatiwa. Huko Ugiriki, katika kisiwa cha Santorini, nyumba za zamani zilizochimbwa ndani ya mwamba zimegeuzwa hoteli za namna hiyo. Unguja ni majumba ya matajiri wa zamani, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi iliyopigwa misumari ya shaba. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mwenye nyumba hawezi kuibomoa na kujenga apendavyo. Bei zake ni kubwa. Lakini wakati wa masika wageni hupungua na bei hushuka, na hoteli nyingi huwa na bei nafuu kwa wenyeji, ukiuliza. Watoto wetu waliuliza.

Tulipotoka bandarini tulipita mbele ya Zahanati ya Kale, lile jengo refu lenye baraza za mbao zilizotiwa nakshi. Mimi ni muuguzi, hivyo nilisimama. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, wakati Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza jubilei ya miaka 50 ya utawala. Tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, ndiye aliyetaka kuiadhimisha jubilei hiyo kwa kujenga hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla kazi haijakamilika, lakini baadaye jengo likawa zahanati kweli. Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Wengine nao waliadhimisha jubilei bila ukumbi." Akacheka. Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu tushuke kwenye boti.

Chumba chetu kilikuwa na kitanda kirefu cha nguzo nne, chandarua cheupe, na dirisha la kutazama mapaa ya mabati. Asubuhi ya kwanza niliamka saa 11, kama siku zote, nikaanza kutandika. Mara dada wa usafi akaja. "Mama, acha tu, hii ni kazi yangu." Nikamtazama anavyokunja kona za shuka, nikamwuliza kama amewahi kufanya kazi hospitali, maana ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Akasema hapana, alifundishwa hapo hapo. Alikuwa mtu wa bara, watoto wake wawili wako kwa bibi yao Tanga, na huwaona mara mbili kwa mwaka. Tangu hapo nilikuwa namsalimu kama mwanangu, na tulipoondoka tulimwachia bakshishi mkononi mwake. Akina mama, starehe ya mtu mmoja mara nyingi ni jasho la mwingine. Tusiione shuka nyeupe tukasahau mkono ulioitandika.

Chakula cha jioni kilikuwa juu ya paa. Huko juu kulikuwa na upepo wa bahari, adhana kutoka misikiti ya jirani, na kwa mbali taa za ngalawa. Tulikula pweza wa nazi. Kisha maneno yakaisha. Tulikaa kimya kama wageni wawili waliokutana kwenye basi. Miaka mingi mazungumzo yetu yalikuwa ada, dawa na bili ya umeme, na sasa hakukuwa na bili mezani.

Ndipo aliposema, taratibu, "Mama, mimi nina miaka 57. Imebaki mitatu nistaafu. Nataka turudi nyumbani Usangi. Mama yangu amezeeka, na kile kiwanja kiko pale."

Jambo hilo tulikuwa tukilizunguka kwa miaka 6. Kila lilipoanza, mtu aligonga mlango. Usiku ule hapakuwa na wa kugonga, nikasema lililokuwa moyoni. Nilimwambia kwamba siogopi baridi ya Upareni wala shamba. Naogopa kubaki mjane kwa watu. Mimi ni mzaliwa wa Muheza. Kliniki nimepokea wanawake wenye shinikizo la damu lililopanda kupita kiasi, na ukiwauliza taratibu, unasikia kwamba mume amezikwa juzi na leo ndugu wanapima shamba. "Ukitangulia wewe," nikamwambia, "kule mimi ni nani?"

Hakukasirika. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakuwa amelifikiria hivyo. Tukaongea hadi wahudumu walipoanza kukunja viti, tukaendelea chumbani. Tulikubaliana mambo matatu. Kiwanja cha Usangi kitaandikwa majina yetu wawili, kwa maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume. Nyumba ya Mbagala haitauzwa. Naye atatangulia kumtunza mama, mimi nimalizie utumishi wangu ndipo nimfuate. Hilo la mwisho bado linanipa mawazo, maana ni miaka kadhaa ya kuishi mbalimbali. Lakini sasa ni wazo la watu wawili.

Jumapili tulisali katika Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Kanisa hilo limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi. Inasimuliwa kwamba madhabahu iko pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Nilipopiga magoti nilikumbuka kwamba wanawake waliuzwa hapo, wakatengwa na waume na watoto wao. Nami nilikuwa nimelala karibu na hapo pamoja na mume wangu, tukipanga uzee wetu kwa hiari. Nilishukuru kwa machozi.

Akina mama wenzangu, najua wengi hatuwezi kulipia hoteli kama ile, na hata sisi hatukulipa wenyewe. Lakini Bwana Yesu, wanafunzi wake walipokosa hata nafasi ya kula kwa sababu ya watu, aliwaita kando wakapumzike (Marko 6:31). Hakungoja kazi iishe. Mwenye kukaa Temeke anaweza kuvuka na mwenzake kwa pantoni hadi Kigamboni, wakatembea ufukweni. Wa Kinondoni ana Coco Beach, na muhogo wa kukaanga hauhitaji dola. Mwachie dada au bibi watoto kwa saa tatu, simu izimwe, na bili zibaki nyumbani.

Na ukichangia jubilei ya jirani, pendekeza kwenye kamati kwamba sehemu ya mchango wapewe wenye ndoa, wakakae wawili. Wageni watakula siku moja, lakini wale wawili wana miaka mingine ya kuishi, na yako mambo ambayo hawajaambiana.

Mungu azibariki ndoa zetu.