Karatasi za Kiungani

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Nyaraka za Taifa, Kilimani, Zanzibar. Humu ndani ni penseli tu.

"Shikamoo bibi. Natafuta habari za Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani."

"Marahaba mwanangu. Kile cha wamisheni? Basi kaa vizuri."

Mwanafunzi wa chuo huanza kwa kuomba nafasi. Kiungani waliletwa. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Kuanzia 1874 manowari ya Uingereza HMS London ikatia nanga bandarini, ikawa inasaka majahazi ya watumwa, na watoto waliopatikana wengi wakaishia mikononi mwa misheni. Karatasi za kupokea wanafunzi, ukizitazama vizuri, ni hati za makabidhiano.

Jumanne, 6 Agosti
Leo majina yamenila siku nzima. Katika wale watano wamo John Swedi na Francis Mabruki. Mabruki ni jina ambalo mabwana wa pwani walipenda kumpa mtumwa. Francis ni la maji ya ubatizo. Mtoto ana majina mawili na yote amepewa na wenyewe wa mahali alipofikishwa. Alivyoitwa na mama yake, karani hakuwa na haja ya kuuliza. Umri nao hukadiriwa kwa macho, kama anavyokadiriwa mbuzi mnadani. Sisemi makarani walikuwa wabaya. Walitaka kujua wana vinywa vingapi vya kulisha.

Jumatano, 7 Agosti
Kichwa kinauma. Nimesoma habari za mtambo wa chapa wa misheni: wavulana ndio waliopanga herufi za kazi za Kiswahili za mmisionari Edward Steere. Na mwaka 1887 A. C. Madan, wa misheni hiyohiyo, alitoa kitabu cha masimulizi yao, walivyotekwa na kuuzwa, kwa tafsiri ya Kiingereza.

Alhamisi, 8 Agosti
Nane Nane, ofisi zimefungwa. Nikaenda Mbweni kutazama magofu ya shule ya wasichana ya misheni. Hapa ndipo aliposoma Lucy Magombeani, mke wa Cecil Majaliwa, mwanafunzi wa Kiungani. Wenye kuandika historia humpitia Lucy mbiombio. Nami leo sina zaidi ya jina lake.

Ijumaa, 9 Agosti
Majaliwa, basi. Myao, aliuzwa akiwa mtoto, akasoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, Uingereza, na mwaka 1886 akatumwa Chitangali, kusini kuelekea Ruvuma. Mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika misheni hiyo. Huyu aliandika barua mwenyewe. Kwangu barua moja ya mtu aliyewahi kuandikwa na wengine inashinda rejista nzima, maana sasa ni yeye anayetoa habari na wakubwa ndio wanaosoma.

Lakini majalada makuu ya misheni yako Oxford, na barua zake zimo humo. Mtu wa Masasi akitaka kumsoma kasisi huyo wa kwanza Mwafrika, apande ndege. Dayosisi za kwetu ziandike kuomba nakala za picha. Zianze na Majaliwa, kisha ziulizie kama kuna chochote cha mkono wa Lucy.