Mla Nawe



Wahenga wetu walituachia usemi mkali: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Maana yake yafahamika. Rafiki wa sahani hukaa maadamu sahani ina kitu. Siku mauti yakibisha hodi, atakayesimama kando ya kitanda ni ndugu wa tumbo moja. Juma hili napenda tuutafakari usemi huo kutoka mahali ambapo yamkini wahenga hawakupafikiria: mbele ya bakuli la tambi, katika mji wa Fukuoka, kisiwani Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani, ambako huu ni mwaka wangu wa sita wa utume.

Wengi wenu mmeniuliza, "Baba, huko mnakula nini?" Jibu fupi ni kwamba mara mbili kwa juma hula rameni. Hizi ni tambi za unga wa ngano ndani ya supu ya moto, chakula ambacho Wajapani wenyewe hukiri kuwa asili yake ni kwa wahamiaji wa Kichina. Mkahawa unaotajwa sana katika historia yake ni Rairaiken, uliofunguliwa mtaa wa Asakusa, Tokyo, mwaka 1910, ukiwa na wapishi Wachina kutoka Yokohama. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, Japani ilipokumbwa na njaa, tambi hizi zikauzwa katika vibanda vya barabarani, na unga mwingi wa ngano ulitoka Marekani. Ni kumbukumbu ya njaa hiyo iliyomsukuma Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan, hata mwaka 1958 akafaulu kutengeneza tambi kavu za kuiva kwa maji ya moto tu. Hizo za pakiti mnazozijua nyumbani ni wajukuu wa kazi yake.

Kyushu ina namna yake. Hapa mifupa ya nguruwe huchemshwa kwa saa nyingi, kwa moto mkali, hata uboho na mafuta viyeyuke na supu iwe nyeupe kama maziwa. Inasimuliwa kwamba supu ya mifupa hiyo ilianzia katika kibanda kimoja cha mji wa Kurume mwaka 1937. Harufu yake humfikia mpita njia kabla hajauona mlango, na wale miongoni mwenu waiitao nyama hii "mbuzi katoliki" mtaelewa kwa nini padre hakuhitaji kushawishiwa sana. Juu yake huwekwa vipande vyembamba vya nyama, vitunguu vya majani, ufuta, na tangawizi nyekundu iliyolowekwa. Tambi za Fukuoka ni nyembamba, huiva upesi na hulegea upesi, kwa hiyo hupakuliwa chache. Mlaji akizimaliza, huagiza nyingine zitiwe katika supu iliyobaki. Desturi hiyo, iitwayo kaedama, ilitokana na wafanyakazi wa soko la samaki la Nagahama, ambao hawakuwa na muda wa kusubiri.

Mkahawa ninaouzungumzia haujapata sifa magazetini. Uko dakika nne kwa miguu kutoka parokiani, kati ya dobi na duka la baiskeli. Una stuli tisa mbele ya kaunta moja ndefu, wala hauna meza. Mlangoni ipo mashine ndogo: unatia fedha, unabonyeza kitufe, unapewa tiketi, unaiweka juu ya kaunta. Mwenye mkahawa, mtu wa miaka sitini na ushei, huitwa na wote Taisho, yaani jemadari, kama ilivyo desturi ya huku kumwita mpishi mwenye kaunta yake. Mkewe, anayeosha vyombo na kumimina maji, twamwita Mama.

Taisho huuliza swali moja tu: tambi ziwe ngumu kiasi gani? Baada ya hapo hakuna mazungumzo. Kwetu mtoto akivuta chakula kwa sauti hukemewa. Hapa tambi huvutwa kwa sauti, pamoja na hewa, ili zipoe na harufu ya supu ipande puani, na hakuna anayegeuka kutazama. Kwa dakika kumi watu tisa wasiojuana majina huinama juu ya mabakuli yao, bega karibu na bega. Aliyemaliza huinua bakuli lake hadi ukingo wa juu wa kaunta, hupangusa mahali pake, na kusema "gochisosama". Neno hilo la shukrani, kwa asili yake, limebeba maana ya kukimbia huku na huko: ni kumshukuru aliyehangaika mbio ili mwenziwe apate kula. Liwekeni akilini, maana nitalirudia.

Mji huuhuu ndio nyumbani kwa Ichiran, mikahawa mashuhuri ambamo kila mlaji huketi mbele ya kaunta iliyogawanywa kwa mbao kushoto na kulia, na bakuli hupitishwa chini ya pazia, hata uso wa mhudumu usionekane. Silidharau jambo hilo. Aliyechoka kutazamwa hupata pumziko pale. Lakini kwenye kaunta ya Taisho hakuna pazia. Ukiingia unaonekana, na usipoingia pia unaonekana.

Miongoni mwa wateja alikuwamo mzee mmoja, seremala mstaafu aliyefiwa na mkewe. Alikuja kila siku isipokuwa Jumatano, siku ya mapumziko ya mkahawa, saa tano na nusu asubuhi, akaketi stuli ya mwisho karibu na ukuta. Katika miaka yote niliyoketi naye sidhani kama tulibadilishana maneno mia moja, na mengi yalihusu mvua. Hata hivyo niliona kwamba Taisho, bila kuombwa, alitia kikolezo kidogo katika bakuli la mzee huyo kuliko katika mabakuli yetu. Siku moja alimsikia akitaja shinikizo la damu, basi akapunguza chumvi, wala halikusemwa neno.

Majira ya baridi ya mwaka 2023, Alhamisi moja, mzee hakuja. Ijumaa hakuja. Saa nane mchana, mkahawa ulipofungwa kungojea jioni, Taisho alivua aproni akaenda nyumbani kwa mzee kwa miguu. Alikuta magazeti ya siku mbili yamesongamana mlangoni. Alibisha hodi bila kuitikiwa, akamtafuta mwangalizi wa jengo, akaita polisi. Mzee alikuwa amelala sakafuni karibu na bafu, nyonga imevunjika, mwili umepoa, lakini anapumua.

Ndugu wasomaji, Wajapani wanalo neno la kifo cha mtu aliye peke yake nyumbani, asigunduliwe ila baada ya siku au majuma: kodokushi. Mwaka 2025 Idara ya Polisi ya Taifa ilitoa hesabu ya mwaka mzima uliotangulia. Watu 76,020 waliokuwa wakiishi peke yao walikutwa wamekufa majumbani mwao mwaka 2024, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Wako waliogunduliwa siku ileile, na wako waliokaa zaidi ya mwezi. Nilipoisoma hesabu hiyo nilifikiria magazeti yale mlangoni. Mzee wetu hakuhesabiwa humo kwa sababu mtu mmoja alikuwa na mazoea ya kuhesabu stuli tisa.

Hakupona kabisa. Aliishi zaidi ya mwaka mmoja, kwanza hospitalini, kisha katika nyumba ya wazee. Kila Jumatano, siku yake pekee ya kupumzika, Taisho alimpelekea supu katika chupa ya chai, na tambi kando, ili zisilegee njiani. Mzee alifariki mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mwaka 2025. Ndugu zake wa kuzaliwa naye walikuwa wamekwisha kutangulia, na mtu wa ukoo aliyefika alikuwa binti wa kaka yake kutoka Osaka. Wengine tulikuwa watano: Taisho, Mama, wateja wawili, nami. Hakuwa muumini wa parokia yangu, na sikuvaa stola siku ile. Nilikwenda kwa sababu tulikula kaunta moja.

Huku maiti huchomwa. Moto ukiisha kazi yake, wafiwa huingia chumbani na kuokota mifupa kwa vijiti, wawili wawili, kuanzia ya miguu hadi ya kichwa, ili marehemu asikae kichwa chini katika chungu chake. Ndiyo sababu mezani ni mwiko kupokezana chakula kijiti kwa kijiti: tendo hilo ni la msibani peke yake. Kwa kawaida ni kazi ya jamaa. Yule binti alitutazama, akainama kwa heshima, akasema, "Tafadhali, nanyi pia." Nilishika vijiti upande mmoja wa mfupa, Taisho akashika upande wa pili. Mikono yake, ambayo kila siku haitetemeki juu ya sufuria, ilitetemeka.

Basi, mintarafu usemi wetu, sidai kwamba wahenga walikosea. Walimwona rafiki anayefuata harufu ya nyama na kutoweka njaa inapoingia, na mtu huyo yupo mpaka leo. Lakini usemi unachukulia kwamba mzaliwa nawe yu karibu. Sasa wazaliwa wetu wako mbali. Vijana wa Moshi na Kisii wamehamia Dar es Salaam na Nairobi, wanapanga chumba kimoja, na huenda mtu wa kwanza kugundua kwamba mmoja wao ni mgonjwa akawa mama lishe anayemuuzia chai na chapati asubuhi. Katika maisha ya namna hiyo, kula pamoja kila siku, hata kimya kimya, ni udugu wa kweli. Na udugu huo una kazi yake: kujua nani hajaja.

Udugu huo waweza pia kupotea. Unga, nyama na gesi vimepanda bei, na wenye mikahawa midogo huogopa kuuza bakuli kwa zaidi ya yeni 1,000. Wenyewe huuita ukuta wa yeni elfu. Watoto wa Taisho wanafanya kazi Tokyo na hawana nia ya kurithi sufuria. Mwenyewe husema ataendelea maadamu magoti yanamruhusu. Siku atakapofunga, mtaa utapata chakula kingine bila shida. Wateja wake ndio watakaobaki bila mtu wa kuwahesabu.

Ndugu msomaji, juma hili mtazame yule unayekula karibu naye kila siku: kazini, kibandani, katika kantini ya chuo. Je, wajua anakoishi? Ukimkosa siku mbili, usingoje ya tatu. Vua aproni, nenda mbio, ukabishe hodi. Ndiyo maana ya gochisosama.

Nawatakieni juma jema.