Maharagwe ya Jumapili, mlo wa Jumatano

Haya, leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata, tuingie jikoni. Najua kuna watakaosema huyu bwana amekosa la kuandika, lakini subirini kidogo, maana ninachotaka kueleza ni jambo ambalo kila aliyesomea sayansi ya tarakilishi alifundishwa darasani, kisha wengi wetu tukaliacha huko huko darasani.

Mnamo 1967 Gene Amdahl, mhandisi aliyekuwa IBM, alitoa hoja ambayo siku hizi inaitwa kanuni ya Amdahl. Kwa lugha nyepesi: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yote utakayopata haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikila tangu mwanzo. Sasa ipeleke kanuni hii kwenye sufuria ya githeri. Mahindi na maharagwe makavu huchemka kwa muda wa saa 2 na nusu hivi, halafu kukata vitunguu, kukaanga na kuunga ni dakika 30. Nunua kisu kikali upendavyo, jifunze kukata kitunguu kama wapishi wa runinga, bado zile saa 2 na nusu ziko pale pale zinakungoja.

Na ukiwa Nairobi zinakungoja zaidi. Mama alipokuja kututembelea kutoka Mombasa alibandika mbaazi, akasubiri kadiri anavyosubiri nyumbani, akaonja, akaniuliza ni mbaazi za mwaka gani hizi nilizouziwa. Mbaazi hazikuwa na kosa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa huku ni nyepesi, maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hata uongeze moto vipi, maji yatatokota kwa kelele zaidi tu, joto halipandi. Ndiyo maana sufuria ya presha husaidia sana huku juu: inafungia mvuke ndani, joto linapita nyuzi 100, na maharagwe yanasalimu amri mapema. Majirani wengine hutia magadi. Magadi yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1, kwa hiyo mimi siyatii.

Kwa hesabu ya haraka, githeri usiku nne kwa wiki, kila mara kuanzia sifuri, ni saa 12. Ukichemsha mara moja ukabakiza kukaanga tu kila jioni, ni saa 4 na nusu. Hesabu tamu, lakini ina udanganyifu ndani yake, maana hakuna mtu mwenye akili timamu anayebandika maharagwe makavu Jumatano saa mbili usiku akiwa ametoka kushuka matatu. Mtu huyo anapita kibandani anabeba chipsi. Kwa hiyo kinachookolewa hasa ni maharagwe yenyewe, yanapata nafasi ya kuliwa siku ya kazi.

Niseme sasa kwa nini jambo hili lilipata uzito nyumbani kwangu. Dadangu mdogo alihamia kwangu ili asomee uhasibu. Mchana ana kibarua, jioni ana darasa, anafika nyumbani saa mbili na nusu. Mimi nafika saa moja unusu foleni ikiwa na huruma. Mara tu alipofika, simu kutoka kwa jamaa zikaanza, na zote zilikuwa na wimbo mmoja: afadhali sasa utakuwa unakula vizuri. Yaani kwa hesabu yao, tatizo la jikoni limekwisha kwa sababu ndani ya nyumba kuna msichana. Dadangu alizisikiliza simu hizo kwa wiki moja, akaniambia, “Kaka, mimi sikuja Nairobi kuhitimu jikoni.” Ana mitihani, na saa anazozipoteza kwenye moshi wa vitunguu ni zile zile alizopaswa kuwa na vitabu. Hapo tukaketi tukapanga kama tunavyopanga kazi ofisini.

Wanaprogramu wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa na shida kama yetu. Kuiandaa mashine kwa kila kazi kulichukua muda mrefu, basi kazi za watu wengi zikakusanywa kwenye kadi zilizotobolewa na kuendeshwa kwa fungu moja. Gharama ya maandalizi inalipwa mara moja. Nasi tukaamua kwamba siku za kazi hakuna anayepika kuanzia sifuri. Jumapili asubuhi tunachemsha sote wawili, na katikati ya wiki anayetangulia kufika ndiye anayemalizia. Kwa sababu ya saa za madarasa, anayetangulia mara nyingi ni mimi.

Kitu muhimu ni kujua cha kuchemsha na cha kuacha. Mtandaoni utaona watu wamepanga visanduku vitano vinavyofanana, kila kimoja wali na kuku, Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi hilo silipendi hata kidogo. Wali wa Alhamisi uliopikwa Jumapili ni adhabu. Sisi hatuweki milo, tunaweka vipande vya milo. Maharagwe yanachemka peke yake, mahindi peke yake, mbaazi peke yake, bila kuungwa, chumvi kidogo tu. Ukiyachanganya mapema umejifunga: githeri ikishakuwa githeri huwezi kuirudisha iwe maharagwe ya nazi. Yakiwa mbalimbali, Jumatatu mahindi na maharagwe yanakutana kwenye kitunguu na nyanya, Jumanne maharagwe yaliyobaki yanaingia nazi na chapati tunazonunua kwa mama wa kibanda cha chini, na mahindi ya mwisho yanapondwa pamoja na viazi na majani ya maboga kuwa mukimo, ambao alinifundisha jirani wa Murang'a na bado anadai naupika kama mtu wa pwani. Ni kama maktaba ya programu: umeandika kazi moja vizuri, programu nyingi zinaiita.

Tui haliwekwi. Tui linachacha haraka na likikaa haliwi lile lile tena, basi linakamuliwa siku ile ile. Sukuma wiki, dania na ugali pia ni vya papo hapo, na vyote vitatu havikuli dakika 20. (Ugali ukibaki una kazi yake, chai ya asubuhi inaujua.) Maurice Wilkes wa Cambridge aliandika mnamo 1965 kuhusu kumbukumbu ndogo yenye kasi inayoshika vitu vinavyohitajiwa mara kwa mara ili mashine isivifuate mbali kila saa, wazo ambalo leo tunaliita kache. Friji yangu ni hiyo. Na kama kache yoyote, kazi ngumu ni kujua kilichomo ndani kimeshapitwa na wakati lini.

Hapa naomba msome polepole, maana ndipo watu wanapougua. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Sufuria kubwa ya maharagwe ikifunikwa na kuachwa mezani inabaki vuguvugu mchana kutwa, na vuguvugu ndilo bakteria wanalolitaka. Sisi tunayamwaga kwenye sinia pana, yanapoa haraka, kisha yanaingia mikebeni. Ya siku tatu za kwanza yanakaa friji, mengine yanakwenda kwenye friza siku hiyo hiyo. Wali ndio wa kuogopa zaidi. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukilala nje anatoa sumu ambayo hata uupashe moto namna gani haiondoki. Wali uliolala mezani utupe, usiuonee huruma.

Jingine ni maharagwe mekundu. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mtokoto wa nguvu, kwa hiyo yanarowekwa kwa saa 5 au zaidi (sisi usiku kucha), maji yanamwagwa, na mapya yanatokota kwelikweli dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Wenye vikapu vya kupikia bila moto walizingatie hilo, usiyatumbukize kikapuni kabla hayajatokota vya kutosha.

Kila mkebe una utepe wa karatasi na tarehe. Msicheke. Sote tumekulia katika nyumba ambayo ukifungua mkebe wa aisikrimu unakuta maharagwe. Wanaprogramu wana utani wa zamani kwamba mambo mawili magumu katika fani yetu ni kujua lini kache imepitwa na wakati na kuvipa vitu majina. Mkebe usio na jina una matatizo yote mawili.

Umeme nao una maoni yake. Agosti 25, 2023 ulipopotea usiku katika sehemu kubwa ya nchi, hatukufungua friza hata mara moja. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24, lakini friji ya kawaida ni saa 4 tu. Tulichokuwa nacho friji tulikitupa. Kiliniuma.

Kuna usiku mmoja mjomba alikuja bila taarifa, Jumatano, dadangu akiwa na mtihani kesho yake asubuhi. Nilimwamkia, nikaenda jikoni, nikatoa mbaazi, nikakamua nazi. Mjomba akatazama mlango wa chumba ambao dadangu alikuwa ameufunga, akauliza, “Mwanangu, hiki kimelala?” Nikamwambia ndiyo mjomba, mbaazi ni za Jumapili, tui ni la sasa hivi. Akauliza tena, na huyu mbona hatoki kupika? Nikajibu anasoma, na zamu ni yangu. Alikula akamaliza, hakusifu wala hakulaumu, lakini kabla hajafika kwake mama alikuwa ameshapigiwa simu.

Nilijitayarisha kwa lawama. Mama akanikumbusha kwamba mbaazi anazouza asubuhi na mahamri, tangu sijazaliwa, anazichemsha usiku wa jana, na unga wa mahamri nao unalala. Nusu ya kiamsha kinywa cha pwani ni kiporo, na mjomba wako amekila miaka yote hiyo. Kisha akauliza tui nililitia lini. Nikamwambia mwisho, moto ukiwa mdogo. Akasema sawa, akaomba apewe dadangu. Nikamwambia bado yuko chumtihanini, atampigia akitoka.